Uze Kwanza, Halafu Uamue Kuhusu Masters

Maonyesho ya mwisho wa mwaka yamefika. Mavazi yako ya jukwaani yanapendwa, na wewe unajiuliza: niende masters ya ubunifu wa mavazi ama nianze kazi? Kabla ya kuamua, panga pesa.

1. Pokea malipo kwa nambari ya till. Mauzo yakichanganyika na pesa yako ya chakula, hutajua faida.

2. Usipeane vazi kwa sababu mteja amekuonyesha meseji kwa simu yake. Angalia salio lako kwanza.

3. Toa gharama: kitambaa, uzi, fundi, usafiri. Gauni la Sh6,000 lililokula Sh4,500 limekuachia Sh1,500 tu.

4. Hiyo faida iweke kando. Ada ya maombi ya chuo kwa kawaida hairudishwi, kwa hivyo chagua vyuo vichache.

Na kama haitoshi, usife moyo. Ruth E. Carter, aliyeshinda Oscar mwaka wa 2019 kwa mavazi ya Black Panther, alisomea Chuo Kikuu cha Hampton, kisha akanoa ujuzi kama mwanagenzi kwenye Santa Fe Opera. Masomo yanaweza kungoja, deni halingoji.