Hofu ya mtihani: Dua iende na maandalizi

Kila inapokaribia mitihani ya muhula, vijana wetu vyuoni huingiwa na homa. Wapo ambao wakiwa chumbani wanalijua somo barabara, lakini wakiwekewa mbele karatasi ya takwimu au uhasibu, mikono hutetemeka, tumbo huvuruga na yote waliyosoma huyeyuka. Matokeo yake ni sapu, na wengine huishia disko, ilhali mzazi ameuza hadi kiwanja ili kulipa ada.

La kusikitisha ni kwamba baadhi yetu hukimbilia kusema mtoto karogwa. Inatafutwa hirizi, fedha zinatumika, na somo linabaki pale pale. Hatukanushi kuwa husda ipo. Lakini tatizo hili lina sababu inayofahamika. Akili ya mwanadamu ina nafasi ndogo ya kushika mambo kwa wakati mmoja: swali, kanuni na namba. Hofu ikiingia, huikalia nafasi hiyo hiyo. Ndiyo maana masomo ya hesabu huathirika sana. Mara nyingi kijana hajasahau. Amekosa pa kufikiria.

Sasa afanye nini? Kwanza, ajizoeze kuulizwa. Mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani walionyesha kuwa wanafunzi waliosoma habari kisha wakajipima bila kuitazama, baada ya wiki moja waliikumbuka zaidi kuliko waliorudia kuisoma tu. Basi kijana atafute mitihani ya miaka iliyopita, afunge daftari, aweke saa mezani na ajibu kama yuko ukumbini. Jambo lililozoeleka halitishi.

Pili, aiandike hofu yake. Mwaka 2011 Gerardo Ramirez na Sian Beilock walieleza katika jarida la Science kuwa wanafunzi wenye hofu walioandika wasiwasi wao kwa dakika 10 kabla ya mtihani walifanya vizuri zaidi.

Tatu, alale. Usingizi ndio unaoyakaza yaliyosomwa, hivyo kukesha usiku wa mwisho ni kubomoa ulichojenga. Akishaingia ukumbini, asome maswali yote na aanze na analoliweza.

Je, dua ina nafasi gani? Ina nafasi kubwa. Tumtazame Nabii Musa (a.s.) alipotumwa kwa Firauni. Surat Twaha inatueleza kuwa alimuomba Mola wake amkunjulie kifua, amfanyie wepesi kazi yake na amfungue ulimi. Lakini hakuishia hapo. Aliomba pia ndugu yake Harun awe msaidizi wake. Ikiwa Mtume wa Allah (s.w.) alihitaji mtu wa kumshika mkono, vipi kijana wetu aone haya kumwambia mhadhiri au mwenzake kwamba hapa sijaelewa? Wengi wanaoanguka ni wale waliojifungia peke yao na woga wao.

Wazazi nao wapunguze vitisho. Kumwambia mtoto kila siku kwamba akifeli ameiaibisha familia ni kumuongezea mzigo anaokwenda nao ukumbini. Aulizwe amefikia wapi na amekwama wapi, kisha aombewe. Maandalizi yakitangulia, dua ikafuata, moyo hutulia, Inshaallah.

Wabillahi Tawfiq.