Dondoo muhimu: Madhara ya kipimo cha mzio kwa viraka vya ngozi

Viraka vyenye kemikali zinazoshukiwa kuleta mzio hubandikwa mgongoni kwa saa 48. Ngozi hukaguliwa vinapobanduliwa, na tena siku moja au mbili baadaye.

• Muwasho, wekundu na malengelenge madogo huonyesha mzio; aghalabu hupoa ndani ya wiki chache.
• Gundi ya plasta yenyewe huweza kuwasha ngozi.
• Mabaka meusi au meupe huweza kubaki kwa miezi, hasa kwenye ngozi nyeusi.
• Ukurutu wa zamani huweza kuibuka upya.
• Kovu, maambukizi au mzio mpya hutokea kwa nadra.

Mgonjwa asikune wala kulowesha mgongo. Akipata maumivu makali, usaha au homa, arudi kliniki mapema.