SOMO LETU: KISIWA NI MZEE KULIKO ZIWA

Katika vikundi vyetu vya Mbita, Suba, Karungu na Muhuru kuna swali ambalo halikosi kuulizwa tukizungumzia mazingira. Hivi visiwa vilitoka wapi? Wengine husema vinaelea, ndiyo maana maji yakipanda havizami. Wengine husema viliwekwa hivyo tangu mwanzo na basi, hakuna la kuuliza. Tumeona tulifanyie somo, kwa sababu mtu asiyejua ardhi yake imetoka wapi ni rahisi kujenga, kulima na kuchimba choo mahali pasipofaa.

1. TUANZE NA KARAI

Mwenye kuongoza kikundi alete karai, mawe ya ukubwa mbalimbali na ndoo ya maji. Pangeni mawe ndani ya karai, kisha mmwage maji polepole. Mawe madogo yatafunikwa, makubwa yatabaki vichwa nje. Hivyo vichwa ndivyo visiwa. Halafu mtu ashike jiwe moja chini ya maji: atakuta limekaa kwenye karai, halielei hata kidogo.

Visiwa vyetu ni hivyo hivyo. Kile tunachokiita kwa Kijaluo *chula* ni kilima au mlima ambao maji yameuzunguka. Chini kabisa umeshikana na nchi kavu. Na hili si jambo la ajabu, kwa sababu Nam Lolwe, yaani Ziwa Viktoria, ni pana sana lakini si refu kwenda chini. Upana wake ni karibu kilomita za mraba 68,800, kumbe kina chake cha wastani ni mita 40 tu, na pale penye kina zaidi ni kama mita 80.

2. MLIMA WA MOTO ULIOKUWA HAPA

Rusinga na Mfangano ni mabaki ya mlima mmoja mkubwa wa volkano ambao wataalamu wanauita Kisingiri. Ulikuwa ukitoa moto na majivu miaka kama milioni 20 iliyopita. Koo lake, yaani pale moto ulipotokea, ndipo kilipo kilima cha Rangwa. Milima ya Gwassi na Gembe ni mabega ya mlima huo huo. Mvua na mito vimeukata kwa mamilioni ya miaka, na ardhi nayo ikapasuka na kushuka, hadi vikabaki vipande. Ukisimama Mbita siku isiyo na ukungu, ukatazama Gembe, Rusinga na Mfangano, unatazama vipande vya mlima mmoja. Mfangano wenyewe bado unasimama zaidi ya mita 500 juu ya maji.

Yale majivu yalifunika wanyama na mimea, yakaihifadhi mifupa ikageuka jiwe. Ndiyo sababu mwaka 1948 Mary Leakey alipata Rusinga fuvu la mnyama wa jamii ya sokwe, wa miaka kama milioni 18. Wakati huo aliitwa Proconsul. Siku hizi wataalamu wanamwita Ekembo.

3. ZIWA LILIKUJA BAADAYE

Hapa ndipo watu wengi hushangaa. Mlima ni wa mamilioni ya miaka, lakini ziwa linakadiriwa kuwa la miaka kama 400,000 tu. Zamani mito ya upande wetu ilipita moja kwa moja kuelekea magharibi, upande wa Kongo. Kisha nchi ya magharibi, kando ya Bonde la Ufa la huko, ikainuka polepole. Inueni karai lenu upande mmoja mtaona: maji yanarudi nyuma na kujikusanya. Mito ilikosa njia, maji yakajaa bondeni, mwishowe yakapata mlango upande wa kaskazini, pale Jinja, yakawa mto Naili.

Tena ziwa hili liliwahi kukauka. Kati ya miaka 17,000 na 15,000 iliyopita mvua ilipungua sana hata ziwa likakauka kabisa au karibu kabisa. Siku hizo mtu angeweza kwenda Mfangano kwa miguu, bila mtumbwi. Kwa hiyo kisiwa ni mzee, ziwa ndilo mgeni anayekuja na kuondoka.

4. SI VISIWA VYOTE VINA ASILI MOJA

Ukerewe, huko Tanzania, ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote katika ziwa letu. Upande ule mawe ni ya itale, ya zamani mno kuliko volkano yetu. Hivyo ni vilima vya kale vilivyozungukwa na maji. Katika Ziwa Turkana, Kisiwa cha Kati ni volkano iliyotokea ziwani. Katika Ziwa Kivu, Idjwi ni bonge la ardhi lililobaki juu wakati pande zake zilipopasuka na kushuka.

Na vinavyoelea je? Vipo, lakini ni mafunjo na magugu maji yaliyoshikana, kama yale ambayo yamewahi kuziba gati la Homa Bay. Hayo upepo huyasukuma leo hapa, kesho kule. Usiyaite ardhi.

5. SOMO HILI LATUHUSU NINI?

Kwanza, udongo. Udongo wa majivu ya volkano una rutuba lakini ni mwepesi. Miti ikikatwa kwenye miteremko ya Rusinga na Gwassi, mvua moja kubwa inaupeleka ziwani, na mlima hauko tena kutoa majivu mengine. Tuchimbe fanya juu, tupande miti na nyasi za kushika udongo.

Pili, nyumba. Kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda karibu mita 2 na nusu. Mwaka 2006 lilishuka sana, watu wakalima na kujenga pale maji yalipoondoka. Mwaka 2020 likarudi na kupita kidogo kiwango cha 1964, na 2024 likapanda zaidi. Familia nyingi za ufuoni zilihama na watoto usiku. Hiyo haikuwa laana ya mtu yeyote. Kabla ya kujenga, waulize wazee maji yalifika wapi, kisha jenga juu ya hapo.

Tatu, maji na choo. Migingo, katika kaunti ya Migori, ni mwamba usiofika nusu ya uwanja wa mpira. Kwa sababu ya mbuta walioko karibu, mwaka 2009 ulileta mvutano mkubwa kati ya Kenya na Uganda. Lakini wanaoishi juu yake wana shida nyingine ya kila siku: mwamba hauchimbiki choo. Uchafu unaingia ziwani, na maji ya kunywa yanatekwa hapo hapo. Kipindupindu hakiulizi mpaka uko wapi. Chemsha maji au tia dawa, na kamati za ufuo zidai vyoo vya kujengwa juu ya mwamba.

Nne, njia ya maji. Tuta lililojengwa miaka ya 1980 kuunganisha Mbita na Rusinga lilisaidia magari, ila lilizuia maji kupita. Baadaye daraja lilijengwa ili maji yapite tena. Tukipanga maendeleo, tufikirie maji pia.

Tano, ukiona mfupa uliogeuka jiwe, usiuokote wala kuuza. Uache pale pale, uwaarifu watu wa Makavazi ya Taifa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwetu maji yalifika wapi mwaka 1964, 2020 na 2024? Nani anakumbuka? Tuweke alama.
2. Ni nyumba ngapi, shule au zahanati zilizo chini ya alama hiyo?
3. Mteremko gani unapoteza udongo zaidi, na ni nani wataanza kuchimba fanya juu msimu huu?
4. Watoto wetu tutawafundishaje somo hili kwa karai na mawe?

Kikundi kikishaweka alama, mwandishi wa kikundi aandike kwenye daftari, na nakala apewe mzee wa kijiji kabla ya mvua ndefu.