Mizizi ya Porini Hupimwaje?

SWALI: Babu yangu hapa Izia, Sumbawanga, hutibu homa kwa mizizi ya porini. Je, yaweza kupimwa?

JIBU: Yaweza, na sharti la awali, ambalo aghalabu hupuuzwa, ni kukausha baina ya magazeti tawi la mmea huo lenye majani na maua, ili mjuzi wa mimea autambue, maana jina likikosewa kazi yote ni batili. Kisha mizizi, kama ifanywavyo Muhimbili, ambako utafiti wa tiba asilia ulianza mwaka 1974, hukaushwa, husagwa na kurowekwa katika spiriti. Kiini kinachosalia spiriti ikishakauka hutiwa katika maji ya chumvi yenye vichanga vya kamba wadogo, na baada ya saa 24 wafu huhesabiwa. Hiyo ni dalili ya sumu tu, wala si ithibati ya shifaa: husalia majaribio kwa vijidudu vya maradhi, kwa panya, na mwishowe kwa wanadamu kwa idhini yao. Kwa sasa, tafadhali, mwenye homa apimwe malaria zahanati kabla hajanywa chochote.