Rangi ya Sabuni: Makosa na Dawa Yake

Ndugu mkulima, mnunuzi wa sabuni hununua kwa macho kwanza. Akiona madoa hupita, na mafuta yako ya nazi yamepotea bure. Basi yafaa uyajue makosa haya.

1. Rangi iliyogeuka. Bizari ya manjano ikikutana na magadi makali, yaani kostiki soda, hugeuka nyekundu. Mimi nilipoyaona hayo mara ya kwanza nilimwaga sabuni yote, kisha nikajuta. Ungoje: ukali ukipungua, wekundu nao hupungua. Lakini usiianike juani, itapauka. Maua ya rosela usiyatumie. Wekundu wake hufa, yakabaki kama udongo. Mbegu za mzingifuri ni bora: ziloweke katika mafuta ya moto kiasi, uchuje, utumie mafuta hayo.

2. Vidonge vya rangi. Sababu yake ni unga mkavu uliotiwa ghafula. Uvuruge kwanza katika mafuta kidogo, kisha uutie. Kijiko kimoja cha chai chatosha ratli moja ya mafuta. Unga wa mkaa ukizidi, povu huwa jeusi na kuchafua nguo.

3. Weupe. Ukungu mweupe juu ya sabuni hauna hatari. Waletwa na hewa. Ufute, na siku nyingine ufunike kalibu. Lakini ukikata sabuni ukaona ndani punje nyeupe ngumu, jihadhari: huenda ni magadi yasiyoyeyuka, nayo huunguza ngozi. Sabuni hiyo usiiuze wala usimwogeshe mtoto.

4. Madoa ya rangi ya chungwa, yenye harufu mbaya. Hayo si rangi, bali mafuta yamechacha. Tumia mafuta mapya, wala usiweke sabuni juu ya chuma chenye kutu.

Angalia sana: tia magadi ndani ya maji, usimwage maji juu ya magadi. Usitumie sufuria ya alumini, kwa maana magadi huila. Watoto wakae mbali. Yakikurukia, nawa upesi kwa maji mengi.

Kila rangi mpya ijaribu kwanza katika sabuni kidogo, uandike kipimo chake, uiache majuma manne hata sita. Ikidumu, ndipo upike nyingi. Hasara ya kipande kimoja ni somo. Hasara ya debe zima ni njaa nyumbani.