Somo kwa Makatibu na Wanachama: Fundi Seremala Aliyepoteza Macho

Miongoni mwa mambo yafikayo mbele ya bodi za vyama vya msingi pasipo kuandikwa katika ajenda ni lile la mwanachama aliyepoteza macho. Hutajwa mwishoni mwa kikao, katika mengineyo, na hutajwa kwa sauti ya huruma. Mjumbe husema kwamba mzee fulani haoni tena, na kwamba vifaa alivyokopeshwa na chama vimelala bure nyumbani kwake. Wengine hutikisa vichwa. Kisha huazimiwa kwamba vifaa vikachukuliwe na mwenyewe achangiwe chochote. Azimio hilo huandikwa kwa mstari mmoja tu wa muhtasari, na kwa mstari huo chama huwa kimempoteza fundi, kimemgeuza mwanachama kuwa mtu wa kuombewa, na mkopo uliokuwa ukilipwa vizuri umekuwa hasara.

Tuchukue mfano. Tuseme chama cha wafuga nyuki kina karakana ndogo, na ndani yake yumo fundi mwenye umri wa miaka hamsini hivi, aliyetengeneza mizinga ya wanachama tangu ujana wake. Presha ya macho imemla polepole, kwanza pembeni, kisha katikati, hata sasa hatofautishi mlango na dirisha. Chama kilimkopesha randa mbili, misumeno, patasi, keekee na jiriwa, na nusu ya deni ingalipo. Ana mke na watoto wawili shuleni. Bodi ifanye nini?

Jambo la kwanza si la ufundi. Katibu aulize kama mwanachama huyo amekwisha kupimwa na mtaalamu wa macho. Mtoto wa jicho, ugonjwa upofushao watu wengi kuliko mwingine wowote duniani, huondolewa kwa upasuaji na mtu akaona tena. Ni aibu kwa chama kumstaafisha fundi ambaye angeweza kurudi kazini baada ya wiki chache. Presha ya macho ni habari nyingine. Uoni ulioliwa na ugonjwa huo haurudi, ingawa dawa huweza kuulinda uliobaki. Fundi wa mfano wetu ni wa namna hiyo ya pili, hivyo hapana budi kuitazama kazi yenyewe.

KIGANJA, SIKIO NA KIPIMO

Useremala hudhaniwa kuwa kazi ya macho, na kwa sehemu ni kweli. Lakini mtazameni fundi anayeona. Akisha kupiga randa hufumba jicho moja, akautazama ukingo wa ubao kama alengaye shabaha. Na baada ya hapo, ili awe na hakika, hupitisha kiganja. Ubao wa mninga ukipapaswa kwa upande mmoja huwa laini, na kwa upande wa pili hukwaruza. Hiyo ndiyo dalili ya mwelekeo wa nyuzi zake, na randa hufuata upande ulio laini. Sikio nalo lina sehemu yake. Msumeno butu una sauti yake, msumari uliokwisha kuzama hubadili mlio, na mguu wa kiti ulioliwa na mchwa ukigongwa hulia kama debe tupu, ilhali kwa nje rangi ingali nzuri. Katika kutafuta mchwa, fundi asiyeona hana sababu ya kumwonea mtu wivu.

Kinachopotea hasa ni vitu viwili: mstari na kipimo. Hawezi kuuona mstari wa penseli, wala kuzisoma namba za futi kamba. Hapa ndipo fundi hukata tamaa, na hapa ndipo yafaa somo likae zaidi.

Mstari wa penseli na uwe mkato wa kisu. Guni hushikwa imara ukingoni mwa ubao, kisu chenye ncha hupitishwa mara mbili, na mkato huo hutafutwa kwa ukucha, ukucha hauukosi. Msumeno nao usiachwe ujiendee. Kipande cha mbao kilichonyooka hubanwa kwa jiriwa kando ya mkato, na ubavu wa msumeno ukaegemea hapo toka mwanzo hata mwisho. Fundi anayeona hupuuza kipande hicho kwa kuwa kinamchelewesha. Akichunguza mikato yake ya jioni, mkono umechoka, huenda akabadili mawazo.

Kwa kipimo, dawa kubwa ni ufito. Ni ubao mwembamba uliotiwa mapengo mahali pa miguu, mahali pa kikalio na mahali pa mgongo, mmoja kwa kila aina ya samani, na hutundikwa ukutani. Fundi haulizi tena ni sentimita ngapi: huulaza ufito juu ya ubao, hutia kisu penye pengo, basi. Desturi hii ni ya mafundi wa zamani wenye macho mazima, nao waliipenda kwa sababu dawati la kwanza na la arobaini hutoka sawa. Anayesoma futi kamba mara arobaini hukosea walau mara moja.

Penye haja ya milimita, boliti hutosha. Boliti ndefu yenye unene wa milimita 6 na hesi ya kawaida husogeza nati yake milimita 1 kwa kila mzunguko mmoja kamili. Ile ya milimita 10 huisogeza milimita 1 na nusu. Ubavu mmoja wa nati ukikwaruzwa kwa tupa, kidole hutambua mzunguko ulipotimia, na anayehesabu mizunguko amepima. Nchini Marekani mafundi wasioona hutumia chombo kilichotengenezwa kwa kanuni hiyohiyo, ambacho hulia kwa kila sehemu moja ya 16 ya inchi. Cha boliti hakilii, lakini hupatikana katika duka lolote la vifaa vya ujenzi.

Sasa turudi kwenye mizinga, maana huko ndiko liliko jaribio kubwa la fundi wetu. Mzinga wa viunzi vya juu, uliotumika Kenya tangu miaka ya 1970 na kuenea katika nchi jirani, hutegemea upana wa vile vijiti ambavyo nyuki huning'iniza masega yao. Kwa nyuki wetu wa Afrika upana huo ni milimita 32. Nyuki wa Ulaya hutaka zaidi, kama milimita 35. Kiunzi kikipotoka, nyuki hawakifuati. Hujenga sega kati ya viunzi viwili, na siku ya kurina mfugaji akiinua kimoja huinua viwili, sega likapasuka na asali ikamwagika juu ya nyuki. Chama kikiuza mizinga ya namna hiyo kimejiharibia jina. Ndiyo maana wajumbe wengi, wakisikia habari ya fundi asiyeona, huwaza kwanza juu ya viunzi.

Hata hivyo, hiyo ndiyo kazi impasayo zaidi. Bamba la chuma hukatwa mapengo mawili, moja la milimita 32 na nusu, jingine la milimita 31 na nusu. Kiunzi kilicho sawa hupita katika la kwanza na hukataa kupita katika la pili. Kikigoma katika yote mawili ni kinene, kirudi kwenye randa. Kikipita katika yote mawili ni chembamba, kiende jikoni. Bamba lenyewe hukatwa mara moja tu na mtu mwenye kipimo kizuri cha chuma. Baada ya hapo hapana macho yanayohitajika, na fundi hupima mamia ya viunzi huku akizungumza na wenzake.

Kupigilia misumari huwatisha watazamaji kuliko mpigiliaji. Tundu dogo hutangulizwa kwa keekee. Msumari husimamishwa, vidole vikiushika chini karibu na ubao, na uso wa nyundo huwekwa kwanza juu ya kichwa cha msumari ndipo uinuliwe kidogo na kushushwa. Mapigo madogo matatu au manne, msumari husimama wenyewe. Vidole huondoka, na nyundo hupewa nguvu.

Kwa marekebisho ya nyumbani, mlango unaokwama huchunguzwa kwa jalada gumu la daftari: hupitishwa kati ya mlango na fremu kuzunguka pande zote, na mahali linapokwama ndipo pa kupiga randa. Timazi hushikwa kwa mkono uleule wa mwashi. Pimamaji haisomeki kwa vidole, lakini gololi ikiwekwa juu ya rafu hueleza ukweli kwa kubiringika. Juu ya kupanda paa, shauri na liwe la fundi mwenyewe, wala si la majirani.

UTARATIBU WA KARAKANA

Adui wa fundi asiyeona si patasi. Adui wake ni mwenzake anayeiazima patasi na kuirudisha pengine. Kila chombo na kiwe na msumari wake ukutani au shimo lake mezani, makali yakiwa yamevishwa ala, na kanuni iandikwe na kusomwa kwa wote kwamba asiyerudisha chombo mahali pake ametenda kosa la kazi. Mlango uwe wazi kabisa au ufungwe kabisa. Mlango ulioachwa nusu ndio uumizao paji la uso. Mbao zisiegemezwe njiani. Anayeingia aseme jina lake, na anayetoka aage, ili mtu asibaki akizungumza na ukuta. Katika karakana nyingi mambo haya yangestahili kufanywa hata kama hapakuwa na asiyeona.

Msumeno wa mviringo wa umeme usio na kinga haumfai fundi asiyeona. Wala haumfai anayeona: vidole vingi vilivyopotea katika karakana zetu vilipotea machoni pa wenyewe. Chama kiweke kinga kwanza, ndipo kijadili nani autumie.

Na watoto wasicheze karakanani. Louis Braille, aliyebuni maandishi ya nukta ambayo wasioona husoma kwa vidole, alizaliwa mwaka 1809 katika kijiji cha Coupvray, Ufaransa, na macho yake yaliona. Akiwa na miaka 3 alijichoma jicho kwa chombo chenye ncha katika karakana ya baba yake aliyeshona ngozi. Maambukizo yakalifikia na jicho la pili.

WAJIBU WA CHAMA

Hiari na uwazi wa uanachama pasipo ubaguzi ndiyo kanuni ya kwanza kati ya zile 7 zilizothibitishwa na Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika mwaka 1995. Mwanachama asiyeona ana hisa zake, ana kura yake moja, na ana haki ya kuchaguliwa. Kwa Tanzania ipo pia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha kwamba wenye ulemavu hawapungui asilimia 3. Vyama vikubwa vyenye viwanda na maghala vijihesabu.

Juu ya mkopo, bodi isikimbilie kutwaa vifaa. Randa iliyotumika miaka kumi ikiuzwa haifidii hata robo ya deni. Mikononi mwa mwenyewe hulipa deni lote. Lililo sahihi ni kuandika upya masharti, kumpa miezi ya kujizoeza bila rejesho, na kumpunguzia kiwango cha mwezi huku muda ukirefushwa. Chama kisicho na fedha kimwelekeze kwenye halmashauri yake ya wilaya. Sheria ya mwaka 2018 ilitenga asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa mikopo isiyo na riba, na 2 kati ya hizo ni za watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024.

Makubaliano yoyote asomewe kwa sauti, neno kwa neno, mbele ya shahidi aliyemchagua yeye mwenyewe, wala si aliyechaguliwa na katibu, ndipo atie dole gumba au sahihi. Makatibu wengi husema "tumeshakueleza, weka dole hapa", na wengi wao ni watu waaminifu. Lakini mwenye kutia dole hana njia ya kuutofautisha uaminifu huo na wizi, mpaka asomewe.

Malipo yawe kwa kipande, kwa bei ileile ya fundi mwingine. Msaidizi anayebeba mbao na kusoma hati za mauzo alipwe ujira wake na chama, usikatwe katika ujira wa fundi kwa siri. Mzinga wake ukaguliwe kwa bamba lilelile linalokagua mizinga ya wote. Usiofaa urudishwe kwake, naye aambiwe kasoro ni ipi. Kupokea kazi mbovu kwa kumwonea mtu huruma ni kumfukuza polepole, maana wanunuzi hawatarudi mara ya pili.

ZOEZI LA KIKUNDI

Kikundi cha kujisomea kitafute viunzi 20 vya mzinga, na ndani yake vitiwe 4 vyenye kasoro, 2 vinene na 2 vyembamba. Mwanachama mmoja avipange kwa kuvitazama tu. Mwingine afungwe kitambaa machoni, apewe bamba lenye mapengo mawili, avipange kwa mikono. Katibu aandike kila mmoja ametumia dakika ngapi na amekosea vingapi, na karatasi hiyo iambatishwe kwenye muhtasari wa kikao kitakachojadili habari ya vifaa vya fundi.