Cheche, Kaa la Moto na Turubai: Namna ya Kulikinga Tela Wakati wa Fataki

Katika mikoa ya Shinyanga na Geita, tela la trekta ni ghala litembealo. Baada ya mavuno, tela lililojaa pamba huweza kuegeshwa usiku kucha au zaidi, likingoja zamu yake kwenye kinu cha kuchambulia. Huko machimboni, katika maeneo kama Nyarugusu, Mgusu na Rwamgasa, wachimbaji wadogo wengi hulala katika vibanda vya miti vilivyofunikwa maturubai ya plastiki, na pembeni huweka pampu ya maji na dumu la petroli. Fataki zinaporushwa harusini au usiku wa kuamkia mwaka mpya, jasho la msimu mzima huwa limefunikwa na kitambaa tu.

Makala haya yahusu fataki za sherehe, wala si baruti ya kulipulia miamba, ambayo husimamiwa kwa Sheria ya Baruti ya mwaka 1963 na haifai kamwe kuchezewa. Tujiulize: ni kitu gani hasa kinachoanguka kutoka angani, nacho kina uwezo gani wa kuunguza?

Halijoto si joto

Baruti ya asili ya fataki ni mchanganyiko wa shura, mkaa na salfa, kwa kadiri ya sehemu 75, 15 na 10. Shura hutoa oksijeni, na ndiyo sababu mchanganyiko huo huwaka hata ndani ya bomba lililofungwa. Unga wa chuma au alumini huongezwa ili kuleta cheche, na chumvi za metali huleta rangi: strontiamu hutoa nyekundu, bariamu hutoa kijani.

Vinavyoanguka ni vitu vya namna mbili. Kwanza ni cheche za metali. Pili ni mabaki ya karatasi, kijiti na mkaa yanayoendelea kuwaka. Tuvilinganishe kwa hesabu.

Chukua cheche ya chuma yenye kipenyo cha sehemu mbili za kumi za milimita. Tungamo lake ni karibu gramu 0.00003. Gramu moja ya chuma huhitaji jouli 0.45 ili halijoto yake ipande kwa nyuzi moja. Ikiwa cheche hiyo ina halijoto inayozidi ya hewa kwa nyuzi 1,000, joto lililomo ni:

0.00003 × 0.45 × 1,000 = jouli 0.0135

Sasa chukua kaa la moto la gramu moja, lenye halijoto inayozidi ya hewa kwa nyuzi 600. Gramu moja ya mkaa huhitaji takriban jouli moja kwa kila nyuzi. Basi joto lake ni jouli 600, yaani zaidi ya mara 40,000 ya lile la cheche, ingawa halijoto yake ni ndogo. Tena, cheche hupoa mara moja, bali kaa huendelea kuungua na kutoa joto jipya. Plastiki ya turubai huyeyuka kabla ya kufika nyuzi 140 za Sentigredi, kwa hiyo kaa hulitoboa na kuiangukia pamba. Pamba huweza kufukuta ndani kwa saa nyingi bila mwali, hata watu wakadhani hatari imepita.

Hata hivyo, cheche ndogo isidharauliwe. Mvuke wa petroli ukichanganyika na hewa kwa kiasi kinachofaa, huweza kuwashwa na nishati isiyofika jouli 0.001. Cheche tuliyoipigia hesabu ina zaidi ya mara kumi ya kiasi hicho. Kitu kisichoweza kutoboa turubai chaweza kulipua dumu lililoachwa wazi.

Kinga

Kutokana na hayo, mwenye tela au kibanda na afanye yafuatayo:

1. Aegeshe tela mbali na uwanja wa sherehe, upande unakotoka upepo. Vumbi kidogo likiangushwa kutoka mkononi huonyesha mwelekeo wake.
2. Afyeke nyasi na kufagia pamba iliyomwagika chini ya tela, kwani upepo huzungusha makaa na kuyakusanya humo.
3. Alivute turubai likazike na kuinama, ili kaa liteleze chini badala ya kutulia katika bonde.
4. Aweke magunia yaliyoloweshwa juu ya turubai. Gramu moja ya maji huhitaji jouli 2,260 ili igeuke mvuke, hata baada ya kufika nyuzi 100. Kiasi hicho ni zaidi ya mara tatu ya jouli 600 za kaa letu.
5. Afunge dumu la petroli na kulihamishia mbali na pampu, vibanda na tela.
6. Aweke tayari ndoo za maji na mchanga, na mlinzi akague tela hadi asubuhi, akitafuta moshi na harufu ya kuungua.

Hatari huzidi kati ya Juni na Septemba, wakati pamba inaposafirishwa na nyasi zimekauka. Mvua za mwisho wa mwaka hupunguza hatari ya nyasi, lakini hazikaushi petroli wala hazilowanishi kilicho chini ya turubai.

Zoezi kwa darasa

Jaribio hili lifanywe nje na mwalimu mwenyewe, bila fataki, ndoo ya maji ikiwa karibu. Mwalimu aweke kwa koleo kaa dogo la mkaa juu ya kipande cha gunia kikavu, kisha lingine lenye ukubwa uleule juu ya kipande kilicholoweshwa. Wanafunzi wapime muda hadi kila kipande kitoboke. Kisha wajibu:

(a) Ni gramu ngapi za maji zilizokwisha kufika nyuzi 100 zinazoweza kugeuzwa mvuke kwa jouli 600?
(b) Kwa nini cheche ya nyuzi 1,000 huweza kuangukia kiganja bila kukiunguza, ilhali kikombe cha maji ya nyuzi 90 hukibabua?